Hotipoti ya Baba Hafsa

Kila siku baada ya adhuhuri, Mwaija alimtengea mama mkwe wake ugali barazani, akaketi pembeni ya mkeka na kumpepea nzi kwa ncha ya kanga mpaka mzee amalize. Ndivyo alivyofundishwa alipoingia nyumba ile ya Kang'ata, na sasa ulikuwa mwaka wa kumi na tisa. Bi Munira alikula polepole kwa meno yake machache, akichagua bamia mojamoja kama anayechambua mchele. Akimaliza, Mwaija alikusanya vyombo, akaingia navyo jikoni na kuusukuma mlango kwa kisigino. Huko nyuma ya mlango ndiko alikokula: ukoko alioubandua sufuriani kwa kijiko, mchuzi aliofuta kwa kidole, kisha kikombe kikubwa cha chai ya rangi chenye vijiko vinne vya sukari, siku nyingine vitano. Alikula amesimama, sikio likiwa nje. Mtu akibisha hodi, alimeza haraka na kujifuta mdomo kabla hajaitikia.

Siku ile hakuwahi hata kuubandua ukoko.

"Mwaija," Bi Munira aliita. "Hebu njoo uone. Umekanyaga nini?"

Alitoka. Kuanzia mkekani mpaka mlango wa jikoni, juu ya saruji aliyoipiga deki asubuhi, kulikuwa na alama za damu, za mguu mmoja tu. Aliinua mguu wa kulia akaushika ukuta. Msumari ulikuwa umepenya ndala na kuzama chini ya kidole gumba, na ndala ilikuwa imeng'ang'ania wayo kama iliyopigiliwa.

"Hukusikia maumivu?"

"Sikusikia, mama."

Bi Munira alimtazama kuanzia miguuni mpaka kichwani, safari ambayo siku hizi ilikuwa ndefu. "Mwili umekuwa mkubwa mpaka hausikii," alisema. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayetaja kwamba mvua imechelewa. "Leta tambara ufute kabla haijakauka."

*

Kidonda hakikufunga. Wiki ya tatu kilianza kutoa harufu, na mganga wa zahanati alipomtoboa Mwaija kidole na kukitazama kipimo, alikitikisa kwanza akidhani kimeharibika. Akaandika karatasi ya kwenda Korogwe kwenye kliniki ya sukari. Palikuwa na nafasi moja iliyobaki wazi kwenye karatasi ile.

"Wanataka uzito," alisema, "na mizani yetu haifanyi kazi tangu mwezi wa pili."

"Mizani ninayo mimi," alisema Mhina, mumewe.

Mhina alikuwa mnunuzi wa mahindi. Alitoka nyumbani alfajiri kwa pikipiki kwenda vijiji vya ndani, akazunguka kutwa, akarudi baada ya isha. Stoo yake ilikuwa kando ya barabara, na vijana wanne wa kupakia walikuwa pale wakilijaza Fuso la Castory, dereva mnene mcheshi kutoka Korogwe. Mizani ilikuwa chini, mlangoni, ina vumbi la pumba. Waliiondolea gunia lililokuwa juu yake.

"Panda, Mama Hafsa," alisema Mhina.

Mwaija alivua ndala kwanza, kana kwamba hilo lingesaidia. Akapanda. Castory alisogeza jiwe la mizani, akalisogeza tena, akainama kusoma, kisha akapiga mluzi.

"Mia moja kumi na sita. Bosi, hili gunia na debe."

"Debe kasoro kidogo," alisahihisha kijana mmoja, na wote wakacheka.

Mhina naye alicheka. Hakuwa mtu mbaya. Alicheka kama tajiri anavyocheka na vijana wake ili kazi iende. "Mnaona ninavyotunza," alisema. Na kwa miaka mingi maneno hayo yalikuwa sifa ya kweli. Mwaija aliolewa akiwa mwembamba, shingo ndefu, mifupa ya mabega inaonekana. Alipoanza kujaa, shangazi zake walimshika mashavu kwenye harusi za ndugu na kumwambia amepata mume. Mwili wake ulikuwa tangazo la Mhina, sawa na bati jipya la nyumba. Hakuna aliyejua ni mwaka gani hasa tangazo hilo liligeuka kichekesho.

Alishuka mizanini akitafuta ndala kwa vidole. Ilikuwa saa nane mchana. Tangu jana usiku alikuwa ameonja ukoko wa uji, vijiko viwili.

*

Walikwenda Korogwe Jumatano, ndani ya lile Fuso, kwa kuwa mzigo ulikuwa unakwenda huko huko.

"Mama akae katikati," alisema Castory, "tukimweka dirishani gari litalala upande." Basi akakaa katikati, magoti yamebanwa na gia, na kila Castory alipobadilisha gia alisema, "Samahani mama," kwa heshima iliyomuumiza kuliko utani.

Nesi wa kliniki aliitwa Filomena, mwanamke wa makamo aliyening'iniza miwani kifuani kwa uzi wa viatu. Alisoma karatasi, akakitazama kidonda, akaguna. Mhina alikaa kwenye benchi karibu na mkewe, kofia mapajani.

"Unakula mara ngapi kwa siku, mama?"

"Anakula huyu, nesi," Mhina alijibu. "Chakula nyumbani kwangu hakikosekani. Mwili wenyewe huo."

"Nimemuuliza yeye, baba."

"Mara tatu," alisema Mwaija. "Kama watu."

"Chakula cha jioni unakula saa ngapi?"

Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza swali hilo. Watu walimuuliza anakula nini, au hawakuuliza kabisa, walimtazama tu sahani. Jibu alilijua vizuri. Alipika saa kumi na moja, akapakua ugali wa watu wazima kwenye hotipoti ya maua mekundu, akaifunika, na hotipoti haikufunuliwa mpaka Mhina arudi. Akirudi, alioga kwanza. Alikula, akanawa, akaongea na mama yake habari za bei na barabara. Ndipo hotipoti iliporudi jikoni, saa tatu na nusu, saa nne, na Mwaija akaiinamia na njaa ya kutwa nzima. Alikula kilichobaki chote. Alikula haraka, bila kuonja, tonge likilifuata tonge, mpaka tumbo likakaza kama ngoma. Na nusu saa baadaye alikuwa amelala. Asubuhi kinywa kilikuwa kichungu, hakitaki kitu ila chai tamu.

Mwezi wa Ramadhani tu ndio aliokula kwa wakati. Mhina alirudi mapema kufuturu, wakakaa wote, na yeye akala jua linapozama kama kila mtu. Majirani walishangaa mwezi ule: wengine wanachoka, Mwaija ndiyo kwanza ananawiri na kuwa mwepesi. Walisema ni baraka.

Lakini kuyasema hayo mbele ya nesi, mume akiwa kando, kungekuwa kumshitaki.

"Saa moja," alisema. "Saa moja jioni."

Filomena aliandika. "Hapo vizuri. Maana wapo wanaoshinda na vikombe vya chai ya sukari, usiku wakashindilia na kulala. Hao hunenepa na njaa yao, na sukari inawapanda vibaya. Ukimwambia mtu mnene ana njaa, watu wanacheka."

Mwaija alinyanyua uso. Akafungua mdomo.

"Tunashukuru sana, nesi," alisema Mhina, akivaa kofia. "Gari linatusubiri."

Filomena alimpa Mwaija kipakiti cha vidonge mkononi, akakishikilia kidogo kabla hajakiachia. "Sikiliza, mama. Nimekuwekea kiasi hiki kwa sababu umesema unakula mara tatu. Kidonge hiki kinashusha sukari. Ukimeza, ule. Ukimeza ukakaa na njaa, kitakuangusha chini. Punguza ugali, ongeza mboga, chai usitie sukari. Kwa wakati, umenielewa? Kwa wakati."

"Nimeelewa."

*

Katika maneno yote yale, mawili tu ndiyo yaliyofika nyumbani: apunguze, na aache sukari. Mhina alimweleza mama yake barazani, na Bi Munira akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa alichokijua siku zote. Jioni ile kopo la sukari lilihamia chumbani kwake, chini ya kitanda.

"Usinielewe vibaya, mwanangu," alimwambia Mwaija. "Nikikuacha, utajiua kwa kinywa."

Kuanzia hapo alikuja kukaa jikoni. Aliburuta kigoda mpaka karibu na mlango, akatafuna tambuu, macho kwenye masufuria. Ukoko aliwamwagia kuku mwenyewe. Alikuwa analinda uhai wa mkamwana wake, na aliifanya kazi hiyo kwa bidii ambayo miguu yake haikuwa nayo tangu kiangazi.

Hafsa, binti yao wa kidato cha pili, alijaribu siku moja. "Bibi, mama hajala tangu asubuhi."

"Na mwili ule unaishi kwa upepo?"

Mwaija aliinamia mboga.

"Mimi nitawaambia kitu," alisema Bi Munira baada ya muda, kama anayezungumza na moto. "Nilikuwa na mimba ya Mhina, miezi saba. Babu yenu alikwenda mnadani, jua likazama, hajarudi. Nikafunua chungu. Matonge matatu, naapa, nikafunika. Alipokuja akaona tundu kwenye ugali. Hakunipiga. Alisema tu, mwanamke aliyeshindwa kumsubiri mume kwa chakula atamsubiri kwa lipi. Akanirudisha kwetu Kwamsisi na tumbo langu. Miezi mitatu. Mhina alizaliwa huko, baba yake hayupo. Baba yangu ndiye aliyenirudisha, na mbuzi, na chungu kipya. Watu wamejaa uani wananitazama, mlafi amerudi."

Alitema tambuu majivuni.

"Chungu changu hakijafunuliwa tena mpaka alipokufa," alisema. "Na cha mwanangu hakitafunuliwa."

Siku za mwanzo Mwaija alimeza kidonge asubuhi kwa chai isiyo na sukari, akasubiri usiku. Mikono ilimtetemeka mchana, jasho likamtoka kivulini. Alidhani ndiyo dawa inafanya kazi. Usiku sasa alikula mbele ya macho ya mama mkwe, matonge manne, na sauti ya Mhina ikitoka barazani, "Amepunguza?" na mzee akijibu, "Amepunguza."

Siku ya tisa, saa kumi na mbili kasoro, Hafsa alirudi kutoka kisimani akamkuta mama yake amelala kifudifudi jikoni. Bi Munira alikuwa ametoka kwenda kutawadha. Mate yalimtoka mdomoni Mwaija na macho yalikuwa wazi, hayaoni. Mkono mmoja ulikuwa umenyooka juu ya hotipoti ya maua mekundu, vidole vimeshika kifuniko. Kifuniko kilikuwa hakijafunguliwa.

Wanawake wa jirani walijaa. Mmoja alisema ni pepo, mwingine akasema ni presha, wa tatu akasema kwa sauti ya chini kwamba moyo hauwezi kubeba mwili wote ule. Rhoda mwenye duka, ambaye baba yake aliwahi kuumwa sukari katika kambi ya mkonge alikozaliwa, ndiye aliyewasukuma wote. Alichota sukari ya dukani kwake kwa vidole na kumpaka ndani ya shavu, akangoja, akapaka tena. Mwaija alipoanza kumeza, akamnywesha soda kidogo kidogo.

"Huyu amekula nini leo?" Rhoda aliuliza.

Hafsa alimtazama bibi yake, na bibi yake alikuwa anatazama mkono ule juu ya hotipoti.

*

Korogwe walimkata kidole gumba cha mguu, kisha, baada ya siku tatu, cha pili yake. Kidonda kilikuwa kimekula chini kwa chini muda wote huo ambao nyumba nzima ilikuwa ikilinda kinywa chake.

Filomena alikuja wodini na faili. Mhina alikuwa hapo, ameleta uji kwenye chupa.

"Hukuanguka kwa sukari nyingi," alisema nesi. "Ulianguka kwa kuishiwa. Ulikuwa umekula saa ngapi, mama?"

Mwaija aliutazama mguu, umefungwa bandeji, mfupi kuliko mwenzake. Akamtazama Mhina. Mhina alikuwa anafungua chupa ya uji polepole, kwa uangalifu wa mtu asiyezoea kufungua chupa. Siku zile zote alikuwa ameuza mahindi kwa bei mbaya ili apate kuwa karibu, na macho yake yalikuwa mekundu. Alimhurumia. Hapo ndipo penye ugumu wenyewe, kwamba alimhurumia.

"Sikumbuki," alisema.

Filomena alivaa miwani, akamtazama kwa muda, akaivua. "Siku hiyo alikuwepo mwenye duka," alisema. "Siku nyingine hatakuwepo."

*

Aliruhusiwa Jumatatu. Mhina alimfikisha nyumbani mchana, akamshika mkono kupanda ngazi mbili za baraza, akamkalisha, akaenda stooni. Majirani walikuja kutoa pole. "Umepungua," walimwambia, wengine kwa pongezi.

Magharibi ilipoadhiniwa wageni waliondoka, Bi Munira akaingia chumbani kuswali. Mwaija alichukua fimbo aliyopewa hospitali, akajikokota mpaka jikoni kutafuta maji ya kumeza dawa. Mlango ulikuwa umerudishwa. Aliusukuma kwa fimbo, ukagonga kitu.

Hafsa alikuwa nyuma ya mlango, amesimama, sufuria kifuani, kijiko mdomoni. Alimeza haraka. Akajifuta mdomo kwa mgongo wa mkono.

"Unafanya nini?"

"Sifanyi kitu, mama."

Mwaija alilitazama shavu la mwanawe, lina punje nyeupe ya ukoko. Juu ya meza hotipoti ilikuwa imefunikwa.

"Umekula?"

"Bado. Bibi kasema kwa kuwa wewe hupo, mimi ndiye nimsubiri baba."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipolazwa." Akaongeza haraka, kama anayetetea mtu, "Lakini chai ninakunywa. Bibi kanirudishia sukari."

Mwaija alishuka taratibu kwenye kigoda cha mama mkwe wake, akaunyoosha mguu mbele. Kisha alisema, "Lete sahani mbili."

"Mama, baba hajarudi."

"Najua. Lete."

Kifuniko kilitoa mlio mdogo. Mvuke ulimjia usoni. Alikata ugali mdogo kwa mwiko, wa kiganja kimoja, akaupakua; akakata mwingine kwa Hafsa, akaweka maharage na mchicha mwingi. Alimeza kidonge. Alianza kula, na kwa mara ya kwanza katika chumba kile alikula ameketi, mlango ukiwa wazi. Alikula polepole.

Bi Munira alitokea mlangoni na tasbihi yake. Aliuona ugali, tundu mbili ubavuni.

"Mwaija," alisema, na sauti yake ilikuwa ya hofu kuliko hasira. "Funika. Funika haraka, sawazisha hapo juu. Pikipiki hiyo inakuja."

Kweli, ilikuwa inakuja; siku hiyo Mhina aliwahi kwa ajili ya mgonjwa. Ilizima uani. Hafsa aliondoa mkono sahanini, akauficha chini ya kanga. Mwaija aliuona mkono ule ukijificha.

Mhina alisimama nyuma ya mama yake, kofia mkononi. Aliangalia hotipoti yake, akaangalia sahani mbili, akaangalia mguu wenye bandeji.

"Kuna nini hapa, Mama Hafsa?"

"Ni mimi nimeruhusu," alisema Bi Munira kwa haraka, na wote wakashangaa, yeye mwenyewe kwanza. "Nimemwambia aonje chumvi."

Njia ilikuwa imefunguliwa, ya kupita bila aibu kwa yeyote. Mwaija angeweza kusema ndiyo, chumvi iko sawa, akafunika. Alilitazama lile shavu lenye punje ya ukoko.

"Mwanangu, kula," alisema.

Hafsa hakusogea.

"Kula, nimekwambia." Kisha akamgeukia mumewe, tonge bado mkononi. "Sikuonja chumvi. Na yule nesi nilimdanganya, nikamwambia saa moja. Sijala saa moja hata siku moja ndani ya nyumba hii isipokuwa Ramadhani. Nimekula nyuma ya mlango huu kama mwizi, na mtoto wako nimemkuta hapo hapo niliposimama mimi."

"Mwaija," alisema mzee.

"Na wewe, mama, matonge yale matatu hukuwa mlafi. Ulikuwa na mimba, jua limezama."

Tasbihi ya Bi Munira iliacha kusogea. Mhina aliangalia tena hotipoti.

"Vijana wako walinipima, mkacheka," Mwaija alisema. Sauti haikupanda. "Gunia na debe. Mimi sijashiba, Baba Hafsa. Miaka kumi na tisa nimekaa humu ndani nina njaa."